Barua Niliyoigonga Muhuri

Siku niliyoagwa na wenzangu wa ofisi ya watoto kule Nakuru, walinipa muhuri. Wengine hupewa shuka la Kimasai au saa ya ukutani. Mimi nilipewa muhuri wa mpira wenye mpini mweusi, jina langu limechongwa katikati na chini yake cheo changu, Social Worker, yaani afisa wa ustawi wa jamii, kwa herufi kubwa. Nilicheka mpaka nikalia. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimegombania muhuri mmoja wa ofisi na watu wanane, na kila ulipohitajika ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyetoka kunywa chai. Sasa nilikuwa na wangu, na ndiyo kwanza nilikuwa naondoka. Niliutia ndani ya soksi nikauleta Birmingham.

Mtu ambaye hajawahi kupanga foleni kwenye ofisi zetu anaweza kushangaa furaha hiyo ilitoka wapi. Kwetu barua isiyo na muhuri ni karatasi tu. Andika ukweli mtupu, weka sahihi, weka namba ya kitambulisho, karani bado ataigeuza mbele na nyuma akuulize muhuri uko wapi. Mimi mwenyewe nimewarudisha watu nyumbani kilomita ishirini kwa sababu chifu wao alisahau kugonga muhuri. Niliona ni sawa kabisa.

Naandika haya kwa ajili ya wanawake wawili walioniokoa kutokana na muhuri ule. Niseme mapema kwamba mimi si mwepesi wa kushukuru. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimenuna, na mkunga alipojaribu kunichekesha nikazidi. Kwa hiyo nikisema hapa kwamba ninashukuru, jueni nimefika hapo kwa miguu na njia ilikuwa ndefu.

Tulikuja kwa sababu mume wangu alipata kazi ya uuguzi hospitalini. Tukapanga nyumba Stechford, mwendo wa dakika nane kutoka stesheni, na mimi nikaanza kutafuta kazi ninayoijua. Ndipo nilipoambiwa kwamba Uingereza cheo cha social worker kinalindwa na sheria. Uwe na shahada, uwe umewatoa watoto mitaroni, uwe umesimama mbele ya hakimu mara mia, hujiiti social worker mpaka bodi ikukague na jina lako liingie kwenye rejista yake. Mtu yeyote anaweza kufungua rejista hiyo kwenye simu yake akakutafuta. Ukijiita kwa cheo hicho ili watu wakuamini, na jina lako halimo, umevunja sheria. Niliyasikia yote hayo. Niliyasikia jinsi abiria anavyosikia maelezo ya mkanda kwenye ndege, akili yake iko kwenye chakula.

Nikaanza kukusanya makaratasi. Bodi ilitaka cheti, ikataka na silabasi ya kila somo nililosoma chuoni, saa nilizofanya mazoezi ya kazi, na nani alinisimamia. Nilipiga simu chuoni. Karani aliyejua mafaili alikuwa likizo. Aliporudi akasema faili la mwaka wetu liliingiwa na mchwa. Dada yangu, ambaye hukasirika kuliko mimi, alikwenda akaketi kwenye benchi la ofisi hiyo siku mbili nzima na kitambaa chake cha kushona, akawaambia hana haraka, na siku ya pili jioni mchwa wakaitapika silabasi. Halafu nikafanya mtihani wa Kiingereza. Mimi niliyeandika ripoti za mahakama kwa Kiingereza miaka yote ile, niliketi na vidude masikioni nikimsikiliza mzungu kwenye kanda akikodi chumba cha hoteli. Nilifaulu, na bado nilitoka nimevimba kwa hasira.

Huku nikisubiri, nilipata kazi kwenye shirika dogo la kusaidia familia, ofisi yake iko Perry Barr, ghorofani, juu ya duka la mazulia. Cheo changu kilikuwa msaidizi wa familia. Nilitembelea akina mama, nikawasaidia kujaza fomu, nikacheza na watoto sakafuni, nikaenda nao kwa daktari. Kupima kama nyumba inafaa au haifai haikuwa kazi yangu. Kuamua jambo lolote haikuwa kazi yangu. Nilitakiwa kuona, kusaidia na kuandika.

Bosi wangu ndiye aliyekuwa social worker aliyesajiliwa. Ni mama wa Kisikh, nywele zimeshaota mvi, aliyezaliwa Kisumu na kuletwa Birmingham akiwa na miaka tisa. Kiswahili chake kilibaki pale pale kilipokuwa siku aliyopanda ndege, Kiswahili cha mtoto jikoni, lakini alikitumia bila haya, akichanganya na Kiingereza cha hapa ambacho huwaita watu wote "bab" kama vile sisi tunavyosema mpenzi. Siku yangu ya kwanza aliniangalia nikihangaika na koti la mvua akasema, "Kuja, bab. Keti. Wewe nakula?" Nikajua nimefika kwa mtu.

Ila alikuwa na kalamu nyekundu. Kila ripoti niliyoandika aliipitia. Nikiandika kwamba nimefanya tathmini ya nyumba na nimeridhika, alikata. Pembeni akaandika: umeona nini? Friji ilikuwa na nini ndani? Mtoto analala wapi, na nani alikuambia? Nikamwambia siku moja, kwa sauti ambayo haikuwa ya heshima sana, kwamba Nakuru nilikuwa naingia kwenye boma, naketi nusu saa, na nikitoka najua kila kitu. Hakukasirika. Alisema, "Maybe unajua. Lakini mimi hapana jua bado, na mtoto hapana jua. You write what you saw. Kuridhika ni kazi ya mtu ingine." Nilirudi kwenye meza yangu nikaandika yaliyokuwa kwenye friji, moja baada ya jingine, pamoja na nusu limau, kwa kiburi tu.

Kanisani mambo yalikuwa tofauti. Kanisani hakuna mtu asiye na cheo. Yuko Mwalimu, yuko Injinia, yuko Daktari ambaye kusema kweli ni fundi wa meno. Mimi nilipojulishwa mara ya kwanza, mchungaji alisema Mungu ametuletea social worker, na watu wakapiga makofi. Nilipaswa kusimama nikarekebisha. Nilisimama nikapunga mkono. Baada ya miezi kadhaa ya kuandika habari za malimau, lile jina liliniingia mwilini kama chai ya moto, na sikutaka kuliondoa.

Kanisani hapo ndipo nilipompata rafiki yangu wa kwanza Birmingham. Ni Mkenya, anatoka upande wa Kisii, na anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Moseley, mojawapo ya zile nyumba kubwa za zamani zenye ngazi nyingi. Yeye ndiye aliyenionyesha duka la Stechford linalouza unga wa ugali, na yeye ndiye aliyekuja kukaa nami siku tatu nilipoumwa mafua makali mume wangu akiwa zamu. Tuliitana "dadangu" na tulimaanisha.

Siku moja binamu yake wa kike, aliyekuwa akiishi mji wa jirani wa Coventry na binti yake wa miaka tisa, alipigiwa simu kwamba mama yake mzazi ameanguka na hawezi tena kujigeuza kitandani. Akaenda nyumbani Kenya kumuuguza. Mtoto akaachwa kwa rafiki yangu. Walidhani ni wiki mbili. Wiki mbili zikawa tano, na ikabidi mtoto atafutiwe shule hapa. Shule ikauliza jambo la kawaida tu: mtoto huyu anaishi na nani, na kuna karatasi gani ya kuonyesha hivyo?

Rafiki yangu alikuja kwangu Jumamosi hiyo na kuku wa kuchoma ndani ya foil. "Dadangu, si wewe ni social worker? Niandikie tu barua kidogo. Sema umekuja kwangu, umeona mtoto ako sawa. Wataiamini ikitoka kwako."

Jambo hilo halikuchukua hata dakika moja kichwani mwangu. Niliona mwanamke mwema, mtoto aliyehitaji shule, na mimi niliyejua kuandika barua kama hizo nikiwa nusu usingizini. Sikutaka kudanganya, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada nilikwenda nyumbani kwake kuhakikisha. Niliona kitanda cha mtoto, shuka za rangi ya waridi, sare mpya imetundikwa mlangoni. Friji imejaa. Tulikunywa chai ya maziwa na mandazi, tukacheka. Mtoto alipita sebuleni, nikamuuliza hali yake kwa Kiswahili, akanijibu, "I'm fine, Auntie," akaenda zake. Nikaandika barua pale pale mezani. Niliandika kwamba mimi, social worker mwenye uzoefu wa miaka kumi na miwili, nimeifanyia nyumba hii tathmini na nimeridhika kwamba mtoto yuko salama. Niliporudi nyumbani kuipiga chapa, nikautoa muhuri kwenye soksi, nikaugonga chini ya jina langu. Ulitoka vizuri sana. Nakumbuka niliupuliza wino ukauke, na moyo wangu ulikuwa mweupe.

Mtoto akapata shule. Rafiki yangu akanishukuru mbele ya kikundi chote cha akina mama. Wiki mbili zikapita.

Alhamisi moja bosi wangu alitukusanya sisi wasaidizi wanne kwenye chumba cha nyuma atufundishe mambo mawili ambayo hutufundisha kila mwaka. La kwanza lilikuwa watoto wanaolelewa na watu wasio ndugu wa karibu. Alisema sheria ya hapa inamhesabu bibi na babu, kaka na dada, shangazi, mjomba, mama mdogo, mzazi wa kambo. Binamu wa mzazi hayumo. Mtoto akikaa kwa mtu kama huyo siku ishirini na nane au zaidi, halmashauri ya jiji lazima iambiwe, na social worker wao aje amwone mtoto, azungumze naye peke yake. Si kwa sababu mlezi ni mbaya, alisema. Ni kwa sababu mama wa mtoto yuko mbali na hakuna mwingine wa kuuliza.

La pili lilikuwa kile cheo, na nani anaruhusiwa kukitumia.

Nilikuwa nimeketi karibu na dirisha, kikombe mkononi. Nilihesabu zile wiki kwa vidole chini ya meza. Saba. Halafu nikaiona barua yangu, mstari kwa mstari, na muhuri wangu mzuri pale chini. Ombi langu la usajili lilikuwa tayari mezani kwa bodi, na bodi hutaka kujua kama wewe ni mtu mwaminifu kabla ya kutaka kujua jambo jingine. Nilielewa kwamba kwa karatasi moja ningeweza kukosa kazi hii niliyonayo na ile niliyokuwa nikiisubiri, milele. Nilielewa pia kwamba hakuna mtu aliyejua, na nikinyamaza huenda asijue kamwe. Sitajifanya kwamba hilo la pili halikunipendeza. Lilinipendeza mno, na nilitembea nalo Ijumaa nzima.

Kilichonishinda ni jambo dogo. Nilijiuliza, je, kama kungekuwa na shida nyumbani mle, nani angeiona? Shule ilikuwa na barua yangu. Yeyote ambaye angeuliza angeonyeshwa barua yangu, akatosheka, akaenda zake. Nilikuwa nimeufunga mlango ambao mtu mwingine alipaswa kuingilia, na nimeufunga kwa jina la kazi ninayoipenda.

Jumamosi nikaenda kwa rafiki yangu. Nilimwambia yote, kwamba lazima halmashauri iambiwe kuhusu mtoto, na kwamba Jumatatu nitamweleza bosi wangu kuhusu barua. Mwanzoni alidhani namtania. Halafu akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Nani ameuliza?" akasema. "Hakuna mtu ameuliza. Si uwache tu, dadangu. Mama yake anarudi any time."

"Siwezi kuacha."

"Hawa watu wanachukua watoto, unajua. Unataka nimwambie binamu yangu nini, ati mtoto wake amebebwa na serikali juu ya rafiki yangu?"

Nikamwambia sidhani kama watamchukua. Nikamwambia tupige simu pamoja, mimi na yeye, Jumatatu asubuhi, itakuwa bora ikitoka kwake. Akasimama, akaenda akafungua mlango wa mbele. "Nilikuita ndani ya nyumba yangu unisaidie," akasema. "Nimekupa mandazi. Na wewe unaniuza." Nilitoka. Mtoto alikuwa juu kwenye ngazi, ameketi, magoti yamekutana na kidevu, na nilimpita tena bila kumuuliza kitu.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya wengine. Bosi wangu alikuwa akipasha moto chapati zake za roti. Nilimweleza nikiwa nimesimama, koti mwilini, nikaweka muhuri mezani pamoja na nakala ya barua. Aliisoma polepole. Nikasubiri ile kalamu nyekundu, lakini hakuishika.

"Nani ingine anajua?" aliuliza.

"Yeye na mimi. Na sasa wewe."

Akavua miwani. "Mtoto kwanza," akasema. "Wewe baadaye." Akainua simu mwenyewe akapiga halmashauri, akataja siku, akataja mama wa mtoto yuko wapi, akasema barua iliyoko shuleni isihesabiwe. Alipomaliza akanigeukia. "Now you, bab. Bodi nataka kujua, na wewe naandika, leo, before you go home. Hapana ficha. Mimi pia naandika kila kitu mimi naona. Good one, bad one. Unajua hiyo?" Nikasema najua. Akanisukumia roti moja kwenye kifuniko cha bakuli. "Kula, halafu andika."

Nilikula nikilia, jambo ambalo si rahisi kulifanya kwa heshima. Kisha nikaandika. Kwa mara ya kwanza niliandika jinsi alivyonifundisha, nilichofanya na nilichoona, bila kujisifu na bila kujichapa viboko. Kwa miezi iliyofuata alinizuia kwenda nyumba za watu peke yangu. Nilikaa mezani nikipokea simu na kupanga mafaili, na safari hii sikununa. Nilikuwa nimestahili kufukuzwa, na kila asubuhi nilikuta kikombe changu mahali pake.

Halmashauri ilimtuma social worker wake, kijana mmoja mwenye mkoba mgongoni, wiki hiyo hiyo. Niliyajua haya baadaye sana. Alikaa na mtoto peke yake, wakichora, kama saa nzima. Mtoto akamwambia jambo ambalo sikulijua mimi niliyekunywa chai nikala mandazi matano. Rafiki yangu alikuwa akiingia zamu Moseley asubuhi na mapema, kwa hiyo aliondoka saa kumi na moja na nusu. Mtoto aliamka peke yake kwenye nyumba yenye giza, akavaa peke yake, akasubiri saa ifike, kisha akavuka barabara kubwa peke yake kwenda shule. Alikuwa akiwasha taa zote na televisheni, na alikuwa haogi kwa sababu bafuni husikii mlango. Hakumwambia mtu kwa kuwa aliambiwa ni mtoto mkubwa. Rafiki yangu hakuwa na ubaya wowote. Sisi wengi wa kwetu katika umri huo tulikuwa tumeshachota maji na kubeba wadogo zetu mgongoni, na alimhesabia mtoto kwa hesabu hiyo hiyo. Hata mimi ningehesabu hivyo.

Hawakumchukua mtoto. Walizungumza na mama yake kwa video, wakamsaidia rafiki yangu kuomba zamu ya baadaye, na shule ikampa mtoto nafasi ya kunywa chai na wenzake kabla ya masomo kwa siku zile ambazo zamu haikubadilika. Kijana yule aliendelea kuja kila baada ya wiki kadhaa. Haya yote yalipita mimi nikiwa nje, kwa sababu rafiki yangu hakunisemesha. Kanisani alihamia viti vya upande wa kushoto. Nikiingia jikoni kuosha vikombe, anatoka. Akina mama wa kikundi walijua kuna kitu, na kwa kuwa sikusema, walijaza wenyewe. Niliacha kuitwa social worker bila hata kuomba. Miezi minne tukawa hivyo, na niliumia kuliko nilivyoumia kwa ajili ya bodi.

Bodi nayo iliandika ikitaka maelezo zaidi. Nikajibu. Wakaandika tena, wakamtaka bosi wangu atoe maelezo yake. Mume wangu aliacha kuniuliza kama kuna barua. Alijifunza kuangalia uso wangu tu nikifungua simu, halafu anaenda kuosha vyombo. Nilijiandaa kukataliwa. Nilikwisha kumwambia dada yangu asiwaambie watu nyumbani chochote.

Jibu lilikuja Jumanne, saa nane mchana, nikiwa mezani kwangu na mama mmoja kwenye simu ya kazi. Niliona mwanzo wa ujumbe tu, neno la kwanza, lakini nilimaliza kwanza kumpangia yule mama miadi yake. Kisha nikausoma. Walisema kosa lilikuwa zito. Walisema nililieleza mwenyewe kabla ya kuulizwa, nikasahihisha, na nikakubali kusimamiwa. Walisema wamenisajili. Nilikwenda ofisini kwa bosi wangu, nikamwonyesha simu. Alisoma akanishika mashavu yote mawili kwa mikono yake yenye harufu ya bizari, akasema Kiswahili chake chote kwa mpigo mmoja: "Mzuri sana, mzuri sana, kula, keti, mzuri sana."

Nilimshukuru. Nilisema neno lenyewe, ahsante, nikalirudia, maana kuna siku kushukuru moyoni hakutoshi na ni lazima mtu asikie kwa masikio yake. Yeye akapunga mkono kana kwamba anafukuza nzi. Akafungua kabati akatoa faili. "Hii ni copy yako," akasema. "Yote mimi nilituma kwa bodi. Soma, ni haki yako."

Juu kulikuwa na maelezo yake, kurasa tatu. Hakunificha wala hakunipamba. Aliandika kuhusu barua, muhuri, malimau pia. Nilikuwa nacheka nilipofungua ukurasa wa mwisho, nikaona mwandiko ambao haukuwa wake. Niliutambua mara moja. Mwandiko huo ndio ulioniandikia orodha ya maduka nilipokuwa mgeni, na ndio ulioniandikia saa za kumeza dawa nilipoumwa.

"Alikuja hapa," bosi wangu akasema. "Peke yake, na basi namba kumi na moja, after work. Sikumuita. Alisema usiambiwe mpaka kwisha."

Ilikuwa nusu ukurasa tu, kwa Kiingereza chake cha kunyooka. Aliandika jina lake, kazi yake, na kwamba mimi si ndugu yake, na kwamba wakati anaandika hatuzungumzi. Halafu akaandika:

"Nilipomwomba barua, alinipa siku ya pili. Nilipomwomba anyamaze, alikataa, na nikamfukuza nyumbani kwangu. Mtoto sasa haamki peke yake."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Bosi wangu alifungua droo akaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwemo, na akaendelea kukitafuta mpaka nilipomaliza kulia.